Mbolea ya Kinangop Isiishie Ziwani Naivasha

Ndugu wakulima wa Kinangop, mbolea mnayoinunua kwa jasho hamkuinunua ili inenepeshe gugumaji la Naivasha, lakini ndiko inakokwenda. Mvua ya Aprili ikipiga shamba la viazi lililolimwa kufuata mteremko, kila nafasi kati ya matuta huwa mfereji. Maji hukomba udongo wa juu pamoja na mbolea ya kupandia iliyotiwa juzi, yakaingia kijitoni, kijito kikaingia Mto Malewa, na Malewa ukafika ziwani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ziwa hilo limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu tangu 1995. Gugumaji lilikwisha kuingia humo mwaka 1988, na fosforasi na naitrojeni zinazostawisha viazi ndizo zinazolistawisha, pamoja na mwani. Mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni majini, samaki wakakosa pumzi. Zamani mafunjo yaliyosongamana mdomoni mwa mto yalinasa tope na kufyonza rutuba hiyo. Leo mengi yamefyekwa na kukanyagwa na mifugo.

Yuko atakayeuliza: mbona tunaambiwa sisi, na mashamba makubwa ya maua yako ukingoni kabisa? Ni swali la haki. Wenye maua wana deni lao, tena kubwa, wala wasionewe haya. Lakini udongo unaotoka milimani hautazuiwa na mtu aliye bondeni.

Fosforasi hushikamana na udongo. Ukiushika udongo, umeishika. Basi limeni kukingama mteremko, chimbeni makinga-maji ya fanya juu, na kandokando ya kijito pandeni ukanda wa nepia, ambayo ng'ombe wataila. Naitrojeni huyeyuka upesi majini, kwa hiyo mbolea ya kukuzia itiwe kidogo kidogo, mmea ukiwa na mizizi ya kuipokea, wala isitiwe wingu zito likiwa limetanda.

Na walio chini wachangie. Katika bonde la Malewa, mashirika ya WWF na CARE yaliwahi kuanzisha mpango ambao watumiaji wa maji wa Naivasha waliwalipa wakulima wa juu waliohifadhi udongo, kwa hati za kununulia pembejeo. Jambo jema kama hilo lisitegemee wafadhili. Liingizwe katika ada ya maji, ili mwenye ekari mbili ajue kabla ya masika kwamba ukanda alioutoa kwa nepia umelipiwa.