Kalamu Njema Huchaguliwa kwa Ncha

Baba mmoja ametuletea shauri la jamaa yake. Yeye na ndugu zake wamekusanya fedha ili wamnunulie mzee wao, mwalimu aliyefundisha miaka mingi na sasa anastaafu, kalamu ya wino iliyo bora. Dukani wameonyeshwa moja yenye pete za dhahabu, nayo bei yake yawatisha. Ndugu mmoja asema: «Fedha hizo ni ada ya shule ya watoto wawili.» Mwingine ajibu: «Mzee ndiye aliyetufundisha kuandika. Je, tumpe kitu hafifu?» Watuuliza wafanye nini.

Ndugu wote wawili wasema kweli. Lakini kabla ya kujibu twataka kueleza kalamu ni kitu gani, kwani ajuaye kitu hadanganywi kwa urahisi na mng'aro wake.

Moyo wa kalamu ni ncha. Itazameni vema: katikati ina ufa mwembamba sana, uigawao kuwa meno mawili. Wino hushuka katika ufa huo bila kusukumwa na mtu, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Kadiri wino utokavyo, hewa huingia mahali pake kwa vijia vya ule ulimi mweusi ulio chini ya ncha. Vijia hivyo vikiwa vibaya, wino hukatika, au humwagika na kuchafua daftari. Wengi walihangaika na jambo hilo zamani. Petrache Poenaru, mwanafunzi Mromania aliyekuwa Paris, alipata hati ya uvumbuzi wa kalamu yake mwaka 1827. Naye Lewis Edson Waterman wa New York alipata yake mwaka 1884.

Na dhahabu ni ya nini? Wino wa zamani ulikuwa mkali, ukala chuma, dhahabu haukuiweza. Lakini dhahabu tupu ni laini mno, hivyo huchanganywa na madini mengine: ile ya karati 14 ina dhahabu sehemu 58 hivi katika 100, ile ya karati 18 ina sehemu 75. Hata hiyo ingelika upesi kwa kusuguana na karatasi. Kwa sababu hiyo mwisho wa ncha huunganishwa punje ndogo ya madini magumu sana. Punje hiyo ndiyo iandikayo. Dhahabu yenyewe haigusi karatasi. Tena siku hizi kuna chuma kisichoshika kutu, na ncha ya chuma iliyosuguliwa kwa uangalifu hushinda ncha ya dhahabu iliyotengenezwa ovyo.

Hatusemi kwamba kalamu za fahari ni udanganyifu. Kampuni ya Montblanc ya Ujerumani imetengeneza kalamu ziitwazo Meisterstück tangu mwaka 1924. Juu ya ncha yake huchorwa hesabu 4810, ndiyo meta za mlima Mont Blanc kama ulivyopimwa zamani. Ile kubwa yapita dola 1,000. Wajerumani wengine, wa Pelikan, walianza kuuza kalamu mwaka 1929. Alama yao ni mwari na kinda lake, ndege tumwonaye pia katika mapambo ya makanisa mengi. Wajapani nao ni mafundi hodari, na ncha yao yenye herufi F huwa nyembamba kuliko F ya Ulaya. Ni kazi za kupendeza. Lakini sehemu kubwa ya bei hulipia umbo, jina na mapambo.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosa. Tulinunua kalamu kwa kuipenda macho tu, tusiijaribu. Ncha yake ilikuwa nene. Juu ya karatasi nyepesi ya daftari wino ulipenya hata upande wa pili. Tuliona haya kukiri, na kalamu ikalala sandukuni mwake miaka miwili.

Basi mpelekeni mzee mwenyewe dukani, pamoja na karatasi azoeayo kutumia. Aombe ncha ichovywe katika wino. Aandike jina lake, kisha tarakimu 8 mara nyingi, kisha mistari mirefu. Asikandamize: aliyezoea biki hukandamiza, na kufanya hivyo hupanua meno ya ncha. Ikikwaruza, au ikikawia kutoa wino mwanzo wa neno, aiache. Aipime pia kwa uzito, kwani mkono wa mzee huchoka. Ncha ya wastani yafaa barua. Ile nyembamba yafaa hesabu na karatasi nyepesi. Ile nene ni ya sahihi.

Hili ndilo jibu letu. Kama ada ya watoto haijalipwa, lipeni ada kwanza. Kwa dola 30 hivi hupatikana kalamu ya ncha ya chuma iandikayo vizuri, na mwalimu hataona haya kuitumia akijua ya kuwa wajukuu wake wako darasani. Kama ada imelipwa, na fedha si za mkopo, mnunulieni ile ya dhahabu bila kujilaumu. Lakini iwe ile aliyoichagua mkono wake.

Ikifika nyumbani, isiwekwe kabatini kwa ajili ya wageni. Kalamu isiyoandika hukaukiwa na wino ndani. Aioshe kwa maji baridi mara moja kwa mwezi, aijaze, aandike kila siku. Ataona raha yake: mkono hausukumi tena, waongoza tu, na wino wafuata.

Na mzee akipenda, atuandikie kwa kalamu hiyo. Tutafurahi kuona mwandiko wake.