Kicheko cha Babu Kisifukuzwe Msikitini

Huku kwetu mwambao, baba na mwana huheshimiana, lakini babu na mjukuu hutaniana. Nyanya humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu," na yule wa kike humwita "mke mwenzangu." Babu naye humwambia mjukuu wake wa kike kwamba mahari iko tayari, kinachongojwa ni bibi harusi kuota meno ya mbele tu. Maneno kama hayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine yeyote yangekuwa utovu wa adabu. Yakitoka kwa babu ni mapenzi, na nyumba nzima hucheka.

Utani huo ndio uliozaa hadithi ambazo ukurasa huu wapenda kuzizungumzia leo. Si ngano za Sungura na Fisi, wala si visa vya Abunuwasi. Ni hadithi fupi fupi ambazo wazee wetu husimulia barazani juu ya wajukuu wao: waliyoyafanya msikitini, waliyoyasema chuoni, na vituko vyao vya Ramadhani na vya maulidi. Wengi wetu huzichukua kuwa ni maneno ya kupitishia wakati baina ya magharibi na isha. Maoni yetu ni kwamba hadithi hizo zina kazi kubwa zaidi ya hiyo, na kwamba kazi hiyo sasa imo hatarini.

Natutoe mifano. Iko hadithi ya kijana wa miaka sita aliyeruhusiwa kufunga mpaka adhuhuri, kama ilivyo desturi ya kuwazoesha watoto saumu. Nyanya yake alimwahidi shilingi siku atakapofunga siku nzima. Siku ya pili, baada ya kula chakula chake cha mchana, kijana akaja kudai haki yake. "Jana nimefunga nusu, na leo nimefunga nusu. Nusu na nusu ni moja." Nyanya akaona hesabu haina kosa, akatoa shilingi. Usiku ule ule babu alirudi kutoka msikitini mapema, akajinyosha kitandani. Kijana akamfuata. "Babu, jana uliisali tarawehe nusu ukaja kulala, na leo nusu. Basi nawe umepata tarawehe moja. Nyanya, mpe babu shilingi yake!" Mzee anayeisimulia hadithi hii ni babu mwenyewe, na huimaliza kwa kusema kwamba tangu siku ile hatoki msikitini mpaka witri iishe.

Iko nyingine, ya msichana mdogo aliyeombwa mbele ya wageni awaonyeshe jinsi nyanya anavyosali. Akajitanda kanga, akainama, akasujudu, akaketi kwa adabu zote. Kisha akageuza uso kulia, akaugeuza kushoto, akapaza sauti: "Nani huyo afunuaye sufuria yangu?" Wageni waliangua kicheko, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa nyanya. Alijua kwamba mtoto hakubuni kitu.

Na katika maulidi moja, kisomo kilikuwa kirefu na usiku ulikuwa na joto. Ilipofika kiyamu watu wakasimama, na mrashi wa marashi ya mawaridi ukaanza kupitishwa. Mtoto mmoja aliyekuwa magotini kwa babu yake akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Babu, kumbe marashi ni dawa ya usingizi? Tazama, wote wameamka!"

Wala mambo haya si ya Waislamu peke yao. Makanisa nayo yamekuwako katika mwambao huu kwa vizazi vingi. Kituo cha wamisheni cha Rabai kilianza mwaka 1846, na Frere Town iliasisiwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yake ndiyo iliyolipatia jina eneo la Kengeleni. Wakristo wa asili za huku ni majirani zetu, wengine ni jamaa zetu wa damu, na wazee wao wana baraza zao na vicheko vyao. Husimuliwa na babu mmoja wa kikwao kwamba Jumapili ya mavuno waumini walileta kanisani mahindi, ndizi na kuku ili vinadiwe, na fedha zake ziende kwenye ujenzi. Yeye alipeleka jogoo. Mnada ulipofika kwa jogoo yule, mjukuu wake akaruka kutoka kwenye benchi akilia: "Huyo ni wetu! Babu, wanamwuza jogoo wetu!" Kanisa zima likageuka kumtazama babu. Mzee hakuwa na la kufanya ila kupandisha bei mpaka akamnunua jogoo wake mwenyewe, kwa fedha nyingi kuliko ambazo angempata sokoni. Mtoto akamrudisha jogoo nyumbani kwa furaha, na babu akarudi mifuko mitupu. Mzee huyo husema kwamba mwaka ule yeye ndiye aliyetoa zaka iliyo kamili kupita wote, ingawa hakukusudia.

Msomaji atazame vizuri hadithi hizi nne, za msikitini, za nyumbani na za kanisani. Katika zote, anayechekwa si mtoto. Mtoto amesema kweli tu, kama alivyoiona. Anayechekwa ni babu aliyekatisha tarawehe, ni nyanya ambaye mwili wake uko msalani na moyo wake uko jikoni, ni watu wazima waliosinzia katika kisomo, ni mzee aliyetoa sadaka bila kumweleza mjukuu maana yake. Na anayeisimulia ni yule yule aliyeumbuliwa. Hiyo ndiyo siri ya hadithi hizi. Mzee hujicheka mwenyewe mbele za watu, na kwa kujicheka huwaambia vijana na wazee wenzake neno ambalo likisemwa kwa ukali lingeleta ugomvi. Nani angethubutu kumwambia mzee wa mtaa kwamba anasinzia katika maulidi? Mtoto amekwisha kusema, babu amekwisha kulieneza, na kila mmoja amejipima kimya kimya. Jamaa ya waumini inayoweza kujicheka hivi hujirekebisha bila ya kuvunjiana heshima.

Watakuwako watakaosema kwamba dini si mahali pa mzaha. Sisi nasi twasema hivyo hivyo. Lakini mzaha juu ya dini ni kitu kimoja, na kucheka upungufu wetu sisi tulio katika dini ni kitu kingine. Na juu ya watoto katika nyumba za ibada, Waislamu hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa babu. Hadithi zilizopokewa zatueleza kwamba aliirefusha sijida moja mpaka maswahaba wakadhani limetukia jambo, kumbe mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Yapokewa pia kwamba alisali huku amembeba Umama, binti wa bintiye Zainab, akimweka chini aendapo sijida na kumwinua asimamapo. Na siku moja alikatisha khutba, akashuka kutoka mimbarini kwenda kuwachukua Hasan na Husein waliokuwa wakija wakijikwaa katika nguo zao. Haikupokewa kwamba aliwafukuza.

Sasa tujiulize sisi tuna hali gani. Katika misikiti yetu mingi yuko mzee mmoja ambaye kazi aliyojipa ni kufukuza watoto. Husimama mlangoni kwa jicho kali, huwavuta kutoka safu ya mbele kwa sikio, na kosa la mmoja hulipizwa kwa wote. Mtoto wa miaka saba anayeaibishwa mbele ya safu nzima hasahau. Leo hurudi nyumbani analia, kesho husema tumbo lamuuma, na akifika miaka kumi na saba, hapo tunapoanza kulalamika kwamba vijana wamejaa vichochoroni na misikiti imebaki na wazee, huwa hakumbuki tena kwa nini msikiti aliuona si wake. Sisi twakumbuka. Tulimfukuza.

Hatusemi msikiti uwe kiwanja cha mpira. Siku ya Ijumaa khutba yataka kimya, na mwenye kusali ana haki asibughudhiwe. Lakini tatizo hili lina dawa nyepesi, na wazee wa zamani waliijua. Watoto wakikusanywa peke yao safu ya nyuma, mmoja akicheka wote watacheka. Mtoto akisimama baina ya babu yake na mzee mwingine, kila mmoja na wake, hana wa kuchekeshana naye. Na akikosea, mkono wa babu begani watosha. Baada ya sala babu ataligeuza lile kosa kuwa hadithi, baraza itacheka, na mtoto atajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba alikosea, na kwamba bado ni wa pale.

Hatari ya pili ni kwamba babu mwenyewe anaondoka katika maisha ya mjukuu. Zamani nyumba moja ya Mji wa Kale wa Mombasa au ya Lamu ilikusanya vizazi vitatu au vinne, na baraza ilikuwa mlangoni. Leo wazazi wamehamia Nairobi au Jidda, wengine wamevuka bahari kwenda mbali zaidi, na mjukuu humjua nyanya kwa sauti ya simu. Simu hufikisha salamu, lakini haimpeleki babu msikitini ameshikana mkono na mtoto. Ndiyo maana yapendeza kuona jamaa wakirudi nyumbani kwa sherehe za mfungo sita, kama wale wanaokusanyika Lamu kila mwaka kwa maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Watu huenda kwa ajili ya kisomo, na pia kutazama mashindano ya punda na kirumbizi. Basi wasisahau kuwakalisha wajukuu karibu na wazee, kwani siku hizo chache huenda ndizo pekee watakazozipata.

Hatari ya tatu ni kusahaulika. Ngano za Kiswahili zilipata bahati. Askofu Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzipiga chapa mwaka 1870, na Mtoro bin Mwinyi Bakari alizieleza desturi za Waswahili, malezi ya watoto yakiwamo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1903. Mwana Kupona naye alimwachia bintiye utendi wa mawaidha katika mwaka 1858. Basi mawaidha yetu yameandikwa, na ngano zetu zimeandikwa. Kicheko chetu cha nyumbani hakijaandikwa. Mzee akizikwa, huzikwa pamoja na hadithi thelathini za wajukuu wake, na ukoo hubaki na picha yake ukutani amenuna, kana kwamba mtu yule hakupata kucheka.

Tuna neno pia kwa mababu. Utani una mipaka yake. Hadithi njema humcheka msimulizi kwanza. Hadithi ya kigugumizi cha mtoto, ya kukojoa kitandani, au ya maksi mbaya alizopata chuoni si utani bali ni kumtesa, na isitolewe barazani. Na mjukuu akishakuwa kijana, mzee mwenye busara hutazama kwanza ni nani aliyeketi pale kabla ya kufungua kinywa. Yale ya utotoni yawekewe akiba mpaka siku ya harusi, ambapo hata bwana harusi mwenyewe atacheka.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu, na yote hayataki harambee. Kamati za misikiti ziwape wale mabawabu wa kujitolea kazi nyingine, na ziwahimize wazee wasimame na wajukuu wao katika safu. Walimu wa chuo na wa shule wawape wanafunzi kazi ya kumwuliza babu au nyanya hadithi moja ya kuchekesha juu ya utoto wa baba au mama yao, waiandike kwa Kiswahili chao cha nyumbani, kiwe Kimvita, Kiamu au kinginecho. Na kila nyumba iweke daftari moja la shilingi chache ambalo ndani yake hadithi hizo zitaandikwa pamoja na mwaka wake, ili kitukuu na kilembwe waje wajue kwamba wametokana na watu waliosali, waliofunga, na waliocheka.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea kwa kumfukuza, atazoea kwenda zake. Tukimlea katika safu, ubavuni mwa babu yake, basi siku moja naye atakuwa mzee wa barazani, na sisi tutakuwa ndani ya hadithi zake.