MAKOCHA WA MAZOEZI WANANYONYWA MJINI HAPA, MASTAA WANACHEKELEA!

Kuna staa mmoja wa kike hapa Dar, jina kapuni, juzi kati katupia picha zake za "kabla na baada". Tumbo limeingia ndani, kiuno kimerudi, mashavu yamekaa sawa. Chini kaandika siri ya urembo wake ni maji ya ndimu na kujipenda. Mashabiki wakamwaga makopakopa, wengine wakakimbilia sokoni kununua ndimu.

Ndimu gani wadau? Siri ni kijana mmoja wa Sinza aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri, anapanda bodaboda mpaka Mbezi Beach, anamkimbiza bidada huyo kwenye sehemu ya kupaki magari ndani ya geti lake. Miezi minne! Malipo yake yalikuwa "mdogo wangu, nitakupromoti". Siku picha zimetoka hakutajwa hata herufi ya kwanza ya jina lake. Nauli yenyewe alikuwa anatoa mfukoni.

Sasa wajuaji watasema kajitakia, kwa nini asingekuwa na sehemu yake, mteja amfuate yeye? Haya, twendeni tukaitafute hiyo sehemu.

Kocha wa kujitegemea hahitaji jengo la vioo. Anahitaji chumba ambacho watu nane wananyoosha mikono bila kupigana vibao, sakafu isiyoteleza, feni, choo, kona ya kubadilishia nguo na jirani asiyeita mjumbe kila akisikia muziki. Mikeka, kamba na dumbeli anazo, kanunua kidogo kidogo. Chumba tu.

Anampigia dalali. Dalali anataka hela ya kuonyeshwa kabla hajanyanyua mguu, halafu anakupeleka kwenye fremu iliyojengwa kwa ajili ya duka la vocha, ukiruka kamba inagonga dari. Ukipata inayofaa, tuseme ya Sh 400,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, na wengine wanataka ya mwaka mzima. Miezi 6 ni Sh 2,400,000. Dalali naye anachukua ya mwezi mmoja, Sh 400,000. Bado kuna kodi ya zuio ya TRA, asilimia 10 ya pango. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, mpangaji kazi yake ni kuikata na kuipeleka. Lakini mjini hapa jibu linajulikana: "Mimi nataka hela yangu kamili, hayo ya TRA utamalizana nayo mwenyewe." Sh 240,000 nyingine hiyo. Jumla ni Sh 3,040,000, na hapo hujanunua kioo wala hujapaka rangi.

Kocha mwenye wateja 8 wanaolipa Sh 80,000 kwa mwezi anaingiza Sh 640,000. Ili afikishe hiyo milioni tatu inabidi akae karibu miezi mitano hali, halipi chumba anacholala na hapandi daladala. Halafu mtu anasema vijana hawajitumi.

Basi aende kwenye jimu kubwa akaombe nafasi? Hapo ndo kuna vituko. Yupo bosi mmoja mwenye jimu yake maridadi, kila wikiendi anaongea kwenye mahojiano kuhusu "kuwainua vijana". Kocha akaenda na wateja wake wanane, wakakubaliana kwa mdomo: kila hela inayoingia, bosi asilimia 60, kocha 40. Wateja wakaambiwa wajaze fomu pale mapokezi, jina na namba ya simu, eti kwa ajili ya usalama. Mwezi wa tatu simu zikaanza kulia: dada njoo moja kwa moja kwetu, tunakupa punguzo. Kocha anafika asubuhi na begi lake, mlinzi anamwambia jina lako limetolewa kwenye orodha, kaka, mimi ni maagizo tu.

Tuwe wa kweli, kuendesha jimu ni gharama. Umeme wa LUKU unakimbia, mashine zinakuja kwa mkopo, na wateja wa Januari wakifika Machi wote wamerudi kwenye chipsi mayai. Hakuna anayesema bosi atoe sadaka. Aseme bei ya saa moja, kocha alipe, ashike hamsini zake. Lakini kuchukua asilimia 60 ya jasho la mtu halafu kumbebea na wateja wake, huo ni uporaji uliovaa traksuti.

Wanaobaki wanaenda Coco Beach. Ufukwe ni bure na upepo upo. Subiri masika ianze Machi uone darasa linavyokuwa na mtu mmoja na mbwa wawili. Lakini tatizo kubwa si mvua, ni simu. Kocha mmoja wa kike alikuwa na kundi la akina mama, wengi wametoka kujifungua, wanataka kurudisha miili taratibu. Vijana wakakaa kwenye ukuta, wakamrekodi mama mmoja akihangaika na mazoezi ya tumbo, wakaweka na muziki. Kwenye magrupu ya WhatsApp kikazunguka kipande cha sekunde kumi, mume wake akakiona kazini. Yule mama hakurudi tena, na wenzake wawili wakaacha naye. Wapo pia dada zetu wanaojistiri, wanataka sehemu ya wanawake watupu ili wavue mtandio wafanye mazoezi kwa raha. Ufukweni hiyo utaipata wapi? Anayedhani chumba ni mbwembwe za kocha hajawahi kuchekwa mwili wake mbele za watu.

Na vyumba vipo! Hapa ndipo hasira inapotakiwa kuwaka. Mji huu umejaa kumbi za harusi ambazo kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi zinalala. Viti vimepangwa juu kwa juu, mlinzi anasinzia. Kocha huyo wa akina mama alienda kwenye ukumbi mmoja, akaamkia shikamoo mama, akaeleza shida yake: saa moja tu, asubuhi, siku tano za wiki, Sh 15,000 kwa saa na analipa ya wiki mbele. Kwa wiki nne hiyo ni Sh 300,000 kutoka kwenye chumba ambacho kilikuwa kinazalisha vumbi. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Mwanangu, huu ni ukumbi wa sherehe. Mtaniharibia vigae vyangu."

Vigae ambavyo kila Jumamosi vinaburutiwa makreti ya bia na kuchezewa kwaito na watu mia tatu wenye visigino vya chuma! Raba za akina mama ndo zitaviharibu?

Makocha nao wasijifanye malaika. Nusu ya hizi dhuluma zinapita kwa sababu makubaliano yote ni ujumbe wa sauti, hakuna karatasi, hakuna sahihi. Na kila kocha anayekubali kumfundisha staa bure kwa ajili ya kiki anamwekea mwenzake bei ya sifuri. Staa akishazoea kupata cha bure kwa Juma, akija Asha anataja bei anaonekana ana roho mbaya.

Kijana wa Sinza alikuja kupata sehemu, na aliyempa si bosi wala staa. Ni mwalimu mwenye shule ya chekechea mtaani kwao. Watoto wakishaondoka, kuanzia saa kumi na moja jioni chumba ni chake, analipa kila Ijumaa, wameandikishana kwenye karatasi mbele ya mjumbe. Wanasogeza viti vidogo ukutani, wanafunga mapazia, wanaruka kamba chini ya picha za a, e, i, o, u, wakimaliza wanadeki na kurudisha viti kama walivyovikuta. Jumanne na Alhamisi kampa yule kocha wa akina mama, wanagawana kodi.

Wiki hii bidada wa maji ya ndimu kamtumia ujumbe. Ana sherehe Desemba, gauni limegoma kupanda. Kijana kamjibu kwa heshima, dada karibu sana, bei ni hii, nusu inatangulia, na mazoezi yanafanyika Sinza.

Tiki mbili za bluu. Kimya mpaka leo.