Bukavu: plastiki inaziba Ruzizi, na bila umeme wa Ruzizi ni vigumu kuitumia upya

Kila msimu wa mvua picha ni zilezile. Mbele ya bwawa la Ruzizi I, karibu na pale mto unapotoka Ziwa Kivu, maji hayaonekani kwa wingi wa chupa na sashe. Takataka zinashuka na mvua kutoka vilima vya Kadutu na Ibanda, zinaingia ziwani, kisha mkondo unazisukuma hadi kwenye mitambo. Mtambo ukizibwa, unasimamishwa. Bukavu inabaki gizani, na kituo hicho cha miaka ya 1950 hata kikiwa kizima hakizidi megawati 30.

Lawama huangukia mkaaji anayetupa ovyo. Ni kweli, ila si yote. Nani amewahi kuona mtu akitupa bidoni nzima ya manjano? Jibu linaanzia kiwandani.

Bidoni, beseni na sashe, vyote huanza kama punje ndogo za plastiki. Punje zinaingia katika silinda ya chuma yenye joto, skrubu kubwa inazisukuma huku zikiyeyuka. Tofauti inakuja mwishoni mwa silinda. Kwa beseni, plastiki inashindiliwa kwa nguvu ndani ya kalibu iliyofungwa. Kwa bidoni, unatoka mrija mnene wa moto, vipande viwili vya kalibu vinaufunga, hewa inapulizwa ndani hadi plastiki ishike kuta. Sashe haina kalibu kabisa: inapulizwa kama puto refu linalopanda juu, linapoa, linabanwa, linakatwa. Unene wake ni sehemu ndogo sana ya milimita. Ndiyo maana inauzwa bei ya chini, na ndiyo maana haiokotwi: unahitaji mamia ya sashe, tena zenye matope, kupata kilo moja.

Chupa ya maji ina uzito kidogo, lakini ina masharti. Plastiki yake huyeyuka kwenye digrii 250 hivi. Kizibo chake ni plastiki nyingine, inayoyeyuka mapema zaidi. Zikichanganywa, kitu kinachotoka ni dhaifu. Tena lazima ikaushwe vizuri kabla ya kuyeyushwa, kwa sababu unyevu unaivunja nguvu.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Ukikatika katikati ya kazi, plastiki inaganda ndani ya silinda. Ukirudi, fundi anasubiri joto lipande upya, na plastiki ya kwanza kutoka mara nyingi inatupwa. Jenereta ipo, lakini mazuti inakula faida. Kwa hiyo baadhi ya vijana wa Goma na Bukavu wanachagua njia isiyohitaji umeme: kuyeyusha plastiki katika pipa juu ya moto, kuichanganya na mchanga na kutengeneza pave. Ni kazi ya kusifiwa, ingawa moshi wake wanauvuta wao wenyewe.

Sheria haikosekani. Desemba 2017, serikali ya waziri mkuu Bruno Tshibala ilitoa dekreti inayokataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Sashe ziliendelea kuuzwa. Sasa, tangu M23 ichukue Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, dekreti ya Kinshasa haina hata afisa wa kuisimamia mpakani. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na msafiri anapekuliwa.

Kwa maoni yangu, sashe na chupa hazistahili dawa moja. Sashe haina faida kwa mwokotaji, basi izuiwe kabla ya kufika sokoni. Chupa ipewe bei. Mfano tunao: chupa tupu ya bia ya kioo hairandi mitaroni, kwa sababu muuzaji anaidai irudi. Chupa ya maji haidaiwi na mtu.