Kabla chama cha korosho hakijanunua kompyuta mama

MKULIMA wa Newala au Masasi anapofikisha korosho zake kwenye chama cha msingi, hurudi nyumbani na kipande cha karatasi tu. Karatasi hiyo ndiyo inayosema alipima kilo ngapi, za daraja lipi na siku gani. Korosho zenyewe zimeshachanganywa na za wenzake na hatazitambua tena.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, karatasi zimekuwa nyingi. Ipo risiti ya mkulima, hati ya gari linalokwenda ghala kuu, stakabadhi ya mwendesha ghala, orodha ya mnada, ankara ya mnunuzi na orodha ya malipo inayopelekwa benki. Moja ikikosekana katikati, fedha za watu wengi husimama.

Wakulima waliyaonja hayo mwaka 2018. Novemba mwaka huo Serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki, lengo likiwa kuwabaini walanguzi wa kangomba. Wapo walioingia mwaka 2019 wakiwa bado wanasubiri fedha zao. Katika uhakiki wa namna hiyo, mkulima mwenye kumbukumbu zilizonyooka ana pa kuanzia kudai. Ambaye daftari la chama chake limeliwa na mchwa ana maneno matupu.

Kwa hiyo si ajabu wazo la kuhamishia nyaraka kwenye kompyuta kupata wafuasi. Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) lilianza kuendesha minada ya korosho kwa njia ya mtandao msimu wa 2024/2025, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU. Hata hivyo, mifumo hiyo ina kazi zake. Rundo la risiti lililoko kabatini bado ni mzigo wa chama chenyewe, na kuitunza ni jukumu la chama.

Wazo ni zuri. Tatizo ni namna vifaa hivi vinavyouzwa.

Programu nyingi za kutunza nyaraka hufanya kazi kwa pande mbili. Kuna kompyuta mama, yaani seva, inayohifadhi picha za nyaraka zote pamoja na hifadhidata ya kuzitafutia. Kisha kuna kompyuta za kawaida za mhasibu, meneja na karani wa mizani, ambazo huomba waraka kutoka kwa kompyuta mama na kuuonyesha kwenye kioo. Kompyuta mama ikizimika, hizo nyingine hubaki kama redio isiyo na betri.

Muuzaji hupenda kuanza na ukubwa wa diski, kwa sababu ndipo bei inapopanda. Hesabu ndogo inatosha kumjibu. Ukurasa wa risiti ukipigwa skana kwa rangi nyeusi na nyeupe, nukta 300 kwa inchi, aghalabu hauzidi kilobaiti 100. Chama chenye wanachama 1,000, kila mmoja akipeleka korosho mara 5 kwa msimu, kitakuwa na risiti 5,000. Hizo ni megabaiti 500 hivi. Flashi inayouzwa dukani Masasi mjini inaweza kubeba misimu mingi ya namna hiyo na kubakiza nafasi.

Kinachokosekana huku si diski, ni umeme ulio tulivu. Hifadhidata ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibika, na umeme ukirejea kwa kishindo huunguza vifaa. Betri ya akiba inayoipa kompyuta mama dakika za kutosha kujizima yenyewe kwa utaratibu ni sharti la kwanza, kabla hata ya kuuliza bei ya programu. Kisha kiwepo kinga ya radi, kwa kuwa mvua za Desemba huwakuta makarani wakiwa bado kwenye mizani. Kompyuta yenyewe ikae chumba kinachofungwa, mbali na gunia na vumbi la ghala, kwani feni ikizibwa na vumbi mashine huchemka na kufa mapema. Diski ziwe mbili zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa kazi iendelee.

La pili ni njia ya mawasiliano. Ndani ya ofisi moja, waya na swichi vinatosha, na intaneti si lazima. Mambo hubadilika chama kikuu kinapotaka kompyuta mama ikae mjini na vyama vya msingi viifikie kutoka vijijini. Mei 12, mwaka 2024, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Programu inayofaa uwanda wa Makonde ni ile inayomruhusu karani kuendelea kuandika mtandao ukiwa haupo, kisha ikapeleka kazi yake njia ikifunguka. Muuzaji aombwe aonyeshe jambo hilo mbele ya bodi ya chama kwa kuchomoa waya, si kwa kulieleza kwa mdomo.

La tatu ni kompyuta zilizokwishapo mezani. Kila programu huja na orodha ya mifumo endeshi inayoikubali. Vyama vingi hununua kompyuta za mtumba, na nyingine bado zina Windows 7, ambayo mtengenezaji wake aliacha kuihudumia Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, mwaka 2025. Chama kinaweza kulipia leseni ya kompyuta mama kisha kikagundua kuwa kompyuta 4 kati ya 5 haziwezi kuifungua. Orodha hiyo isomwe kabla ya kutia saini, pamoja na kipengele kinachosema leseni inalipiwa mara moja au kila mwaka, na kwa kila kompyuta au kwa ofisi nzima.

Lipo pia suala ambalo hata watu wa kompyuta hulisahau. Mashine haisomi mwandiko wa karani kwa uhakika. Picha ya risiti ikiingizwa bila maelezo, imepotea kama iliyo kabatini. Lazima mtu achape namba ya risiti, tarehe, kilo na namba ya mkulima. Namba, si jina peke yake, maana mtu huyohuyo huandikwa Selemani mwezi wa 10 na Suleiman mwezi wa 11, na kila kijiji kina akina Hamisi wasio na idadi. Kazi hiyo ya kuchapa inahitaji mtu anayelipwa msimu mzima, na gharama yake haimo kwenye ankara ya muuzaji.

Nakala ya akiba nayo isiachwe kwenye droo ya meza ileile. Moto au mwizi huchukua vyote pamoja. Diski ya nje ipelekwe kila jioni ya msimu kwenye jengo lingine, ikiwa imefungwa kwa neno la siri, kwa sababu ndani yake kuna namba za akaunti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde. Neno la siri lenyewe lisijulikane na mhasibu mmoja tu. Akihama, chama kitamsubiri fundi atoke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500.

Fedha za yote haya hutoka kwa mkulima, kupitia makato ya kila kilo. Ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza maswali matatu: umeme ukikatika saa nne asubuhi siku ya kupima nini kinatokea, nakala inalala wapi, na yeye ataonyeshwaje risiti yake akiitaka. Bodi isiyoweza kujibu haijawa tayari kununua.

Ununuzi ufanyike miezi ambayo mizani imepumzika, makarani wajifunze kwa risiti za msimu uliopita, na daftari la karatasi liendelee kujazwa sambamba hadi msimu mmoja mzima upite, malipo ya mwisho yakiwemo. Risiti ya mkulima iendelee kutolewa kwa karatasi hata baada ya hapo.