Libanga la PDG na gitaa ya kambini

Ndugu wachimbaji wa Shabunda, tangu Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo, ya Kinshasa na Brazzaville pamoja, katika urizi wa dunia nzima. Tulifurahi, na ni haki. Lakini ukisikia vile banaielezea, ni kama ilizaliwa Kinshasa kwa Lingala tu, sisi wa mashariki tukakuja kucheza.

Mababu walibebwa watumwa mpaka Cuba, na ngoma yao ndani ya kichwa. Kule ikachanganyika na gitaa ya Wahispania. Kuanzia miaka ya 1930, sahani za GV zikairudisha kwetu. Mwaka 1960 Kabasele na African Jazz wakapiga Indépendance Cha Cha kule Bruxelles, Afrika nzima ikacheza. Cha cha yenyewe ni jina la Cuba!

Lakini miji ya shaba ya Katanga ilikuwa na gitaa yake, kwa Kiswahili. Watu wa kila kabila walikutana kambini, na mshahara ukanunua gitaa na gramafoni. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimurekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, leo Likasi. Wimbo wake Masanga ukafika mpaka Ulaya, na yeye mwenyewe akaenda kupiga Nairobi. Ile ni muziki ya watu wa migodi, kama sisi.

Sasa nauliza ma-PDG wa mashimo. Libanga munalijua: unamulipa mwanamuziki mkubwa ataje jina lako ndani ya wimbo. Kwa Lingala libanga ni jiwe. Jiwe! Tunalitoa chini ya udongo kwa jasho, kisha tunamutupia mutu ambaye hajui Shabunda iko upande gani. Kijana anayepiga gitaa hapa kambini tunamupa Primus moja, kesho yake tunamuita muvivu.

Mama wa watoto wako na haki ya kulalamika, pesa ya masomo inaishia nganda. Siseme tuongeze hata franga moja. Ile ile ya libanga ilipe kwanza minerval, halafu kidogo kinachobaki kimurekodi huyu kijana, kwa Kiswahili ao Kilega, na jina lake liandikwe pale. Barabara ya Bukavu ni matope, ndiyo, lakini kadi ya simu hailipiwi kilo kwenye ndege. Tracey alitoka mbali na mashine nzito. Sisi simu iko mufukoni.