SEHEMU YA 7: Mweka hazina wa mto naye alipwe

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba vijana mnaosoma kimyakimya, leo siongelei chanjo wala uji wa mtoto. Naongelea daftari.

Mito yetu mnaijua: Matandu, Mavuji, Mbwemkuru, Lukuledi. Kingo zikilimwa mpaka majini, mvua ikinyesha udongo wote unaingia mtoni. Mnachota tope, watoto wanaharisha, mnakuja kwetu. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni zisichezewe. Kikundi kinachopanda miti hapo kinanipunguzia wagonjwa, ndo maana naongea kama nesi.

Sasa tuseme ukweli. Kikundi kinapata hela ya mfadhili, miche inanunuliwa, picha zinapigwa. Baadaye mfadhili anauliza: risiti ziko wapi? Miche mingapi imeshika? Kimebaki shilingi ngapi? Kimya. Awamu ya pili haiji, miche inaliwa na mbuzi. Inawezekana hakuna aliyeiba hata senti. Hakuna aliyeandika tu.

Mfano tunao hapahapa Kilwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji, Kikole na Kisangi vikiwa vya kwanza, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kupitia shirika la MCDI la Kilwa Masoko. Cheti kile hakitaki maneno. Kinataka gogo lijulikane limetoka kisiki gani. Mpingo ulikuwepo siku zote, kilichoongezeka ni kumbukumbu.

Wapo watakaosema hela ya miti iende kwenye miti, mweka hazina ajitolee. Hapana jamani. Anayejitolea huandika akipata nafasi, na nafasi ya mwanamke mnaijua ilivyo. Kazi yenyewe si ya kutwa: siku moja au mbili kwa wiki, na siku chache za kufunga hesabu za robo mwaka. Mama anayenyonyesha anaiweza akiwa nyumbani. Wangapi humu mnashika daftari la kikoba? Hisa, faini, mkopo, marejesho, hamkosei hata mia. Hesabu za mto ni hizohizo: kilichoingia, kilichotoka, risiti yake, kilichobaki.

Ila kulipwa kuna masharti. Anayeandika asiwe ndiye anayekaa na hela. Benki wasaini zaidi ya mmoja. Na ripoti isiishie kwa mfadhili, isomwe mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka. Mkutano ule ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Si wa wazee peke yao.

Kwa hiyo mkutano ujao mbebe mtoto mgongoni uende. Ikifika mapato na matumizi, nyoosha mkono uulize: hesabu za mto anaandika nani, na mnamlipa nini? Wakikujibu "anajitolea", usikae chini kwanza.